Maji yametangulia

Chini ya mwembe ulio kando ya barabara, si mbali na Nyangao, palikuwa na duara la mchanga mbichi. Pipa la maji lilikaa hapo tangu alfajiri. Saa 4 kasorobo akafika mama mmoja aliyekuwa wa mwisho kwenye matembezi ya mazoezi, kanga kiunoni, raba mkononi, akasimama akiliangalia lile duara. Kijana wa bodaboda aliyebaki kuokota vikombe akamwambia kwa adabu zote: "Pole mama, maji yametangulia."

Kijana hakuwa na kosa. Aliambiwa watu wakishapita, pakia. Watu walipita, akapakia.

Pipa lenyewe liliondoka likiwa na zaidi ya nusu.

Hii ni wiki ya nne na kauli ile bado inakereketa, hasa kwa sababu ya lengo la matembezi: kuchangia matenki ya kuvunia maji ya mvua kwa zahanati zilizo juu ya uwanda wa Makonde. Huko juu mvua hunyesha ikazama mchangani moja kwa moja, ikaja kutokea chini kabisa, kwenye miguu ya uwanda. Ndiyo maana watu wa Newala wameshuka na kupanda ule mteremko na ndoo kichwani vizazi na vizazi. Halafu matembezi ya kuwachangia maji yanamwacha mama barabarani na koo kavu.

Kwa hiyo makala hii inahusu maandalizi ya matembezi yenyewe, siku 5 kando ya mto Lukuledi kutoka Ndanda hadi Lindi, na inaanzia mkiani.

## Ruvuma kila mtu anautaka

Ukitaja kutembea kando ya mto huku kusini, wa kwanza kutajwa ni Ruvuma. Ni mkubwa, una Daraja la Umoja pale Mtambaswala, na picha zake ni nzuri. Lakini Ruvuma ni mpaka wa nchi. Tangu machafuko ya Cabo Delgado, ng'ambo huko Msumbiji, yaanze mwaka 2017, na hasa baada ya Kitaya, kijiji cha upande wetu, kushambuliwa Oktoba 2020, kundi la watu 40 wenye fulana zinazofanana wakifuata ukingo ule ni mzigo kwa vyombo vya ulinzi kabla halijawa mzigo kwa miguu yao. Ongeza mamba, na vijiji vilivyo mbalimbali kiasi kwamba mgonjwa anaweza kusubiri nusu siku.

Lukuledi ni mdogo. Unapita katikati ya uwanda wa Makonde na ule wa Rondo, ukielekea ghuba ya Lindi, na barabara ya lami inaufuata sehemu kubwa ya bonde. Kuna hospitali Ndanda, kuna hospitali Nyangao, na mwisho kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sokoine, Lindi mjini. Kutoka Ndanda hadi Lindi ni kama kilomita 100, kuzidi au kupungua kulingana na michepuko. Siku 5 za wastani wa kilomita 20.

Kuna wanaotaka tufuate tuta la reli ya zamani, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, iliyoanza kazi mwaka 1949 ikafungwa 1962 na mataruma yake kung'olewa. Wazo tamu, kwa sababu reli haipandi ghafla. Ila tuta lililoachwa zaidi ya miaka 60 ni la kukaguliwa kwa miguu, msimu huuhuu, kila korongo. Kipande ambacho hakuna mtu wa kamati aliyekipita mwaka huu kisiingie kwenye ramani.

Na katika kukagua, usiulize umbali. Utaambiwa "hapo mbele tu," na hapo mbele tu kunaweza kuwa kilomita 2 au 9. Uliza mtoto wa kijiji hicho akitoka shule saa 8 anafika nyumbani saa ngapi. Jibu la hapo utalipigia hesabu.

## Salfa, upupu na mnada

Mwezi wa kutembea ndio uliozua ubishi mrefu kuliko yote.

Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Juni hadi Agosti kuna kusi na ubaridi wa asubuhi, miezi mizuri kwa mwili. Lakini ndiyo miezi ya kupulizia mikorosho. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande upo ili unga ushike majani. Yaani saa ileile ambayo watembeaji wanapita. Ukikatiza shamba linalopuliziwa, macho yanawasha, kifua kinabana, na mwenye pumu anaweza kuishia hospitali. Dawa yake si barakoa peke yake. Siku 2 kabla, mtu aende kwa mtendaji wa kijiji aulize nani anapuliza wapi kesho kutwa, na kipande hicho kipitwe kwa barabara kubwa.

Kuanzia Julai upupu nao unakauka. Vile vinywele vya ganda lake vinapeperuka, na ukiguswa ukajikuna kwa kiganja unavisambaza hadi shingoni. Usikune wala usisugue kwa nguo. Bandika utepe wa gundi juu ya ngozi, uvute, rudia na kipande kipya, ndipo uoshe. Gombo moja la utepe kwa kila kituo linatosha. Suruali ndefu na mikono mirefu kwenye njia za vichakani si pambo.

Mbona tusisubiri Oktoba? Oktoba minada ya korosho inaanza na wachangiaji wana pesa, hilo ni kweli. Lakini joto limeshapanda, na watu wa kujitolea wapo mashambani kwao wanaokota korosho. Nani atabaki kushika pipa?

Tulipofika kwenye swali hilo ndipo mambo mawili yalipotenganishwa: kutembea Agosti, kulipa ahadi baada ya mnada. Daftari la ahadi liwe na jina, kiasi kwa kilomita na mwezi wa kulipa. Mtu wa shilingi 200 kwa kilomita anadaiwa 20,000 kwa safari nzima, na ni rahisi zaidi kumkumbusha Novemba kuliko kumkaba Agosti akiwa hana kitu. Wengine hawatalipa. Matenki yaagizwe kwa pesa iliyoingia, siyo iliyoahidiwa.

## Hesabu ya mtu wa mwisho

Turudi kwenye mwembe.

Mtembeaji mwepesi kwenye lami anakwenda kilomita 6 kwa saa. Wa polepole, mwenye goti au mwili mzito, anakwenda 3.5. Kwa kilomita 20, wa kwanza anamaliza kwa saa 3 na dakika 20. Wa mwisho, saa 5 na dakika 43, hapo hajapumzika. Kwenye kituo cha kilomita 15 tofauti yao ni saa 1 na dakika 47.

Hebu fikiria kijana amekaa na pipa kwa muda wote huo. Kundi kubwa limepita, barabara imenyamaza, simu inamwita kituo cha mbele ambako maji yanapungua. Atapakia. Yeyote angepakia.

Wazo la kwanza lilikuwa kuongeza vituo. Halikusaidia, kwani kila kituo kipya kilizaa kijana mwingine wa kuchoka kusubiri. La pili lilikuwa kumpa wa mwisho dumu lake. Lita 5 ni kilo 5, na unampa nani? Yule ambaye tayari miguu inamshinda.

Lililofanya kazi ni kugeuza mstari: wa polepole watangulie.

Kundi la polepole linaondoka saa 12 kamili asubuhi, kukiwa kumeanza kupambazuka. Wepesi wanaondoka saa 1 na nusu. Kwenye kilomita 5 bado wameachana sana: wa polepole wanapita saa 1:26, wepesi saa 2:20. Lakini kwenye kilomita 10 wa polepole wanapita saa 2:51 na wepesi saa 3:10. Kilomita 15, wepesi saa 4:00, wa polepole saa 4:17. Kituo kile kilichodai kusubiri karibu saa 2 sasa kinasubiri dakika 17. Na njia nzima wepesi wanawakuta wenzao, wanasalimiana, hakuna anayetembea peke yake akitazama migongo ikipotea.

Kuna faida nyingine ambayo haikukusudiwa. Saa 1 na nusu ya kusubiri inawapa wepesi kazi: kufunga mahema, kuosha masufuria, kupakia kirikuu, kigari chetu cha mizigo. Zamani kazi hiyo waliachiwa wapishi.

Bado anahitajika mfunga mkia, mtu mmoja mwenye fulana ya kung'aa, simu iliyojaa chaji na orodha ya majina. Yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kusema "pakia." Si kijana wa pipa, si mwenyekiti wa kamati.

Kuhusu upande wa barabara: kulia, mkitazama magari yanayokuja. Hapa kuna sababu ya ziada. Asubuhi mnaelekea mashariki, jua liko usoni. Dereva anayetoka Masasi kwenda Lindi naye amepigwa na jua hilohilo, na yeye yuko kushoto. Mkishika kulia, wanaowapita karibu ni wanaotoka Lindi, jua likiwa mgongoni kwao, wanawaona vizuri. Kofia iwe na ukingo mrefu mbele.

## Madumu

Kunywa njiani ni nusu lita kwa saa, ikifika saa 5 asubuhi na jua kali inakaribia lita nzima. Kwa watu 40 panga lita 3 za njiani na 2 za kambini kwa kila mmoja: lita 200, madumu 10. Hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Kinachomaliza maji ni kuoga. Nusu ndoo kwa mtu, watu 40, lita 400. Ukiongeza jikoni na vyombo unavuka madumu 30, ambayo ni zaidi ya kilo 600. Kirikuu kilichokwisha kubeba mahema na masufuria hakiwezi mzigo huo, na kikiweza springi hazitafika mji wa Mtama. Kwa hiyo kambi inachaguliwa kwa bomba, kivuli baadaye. Shule yenye kisima kinachofanya kazi, wakati wa likizo ya katikati ya mwaka, ni bora kuliko uwanja mzuri usio na maji. Kama tarehe zenu ziko nje ya likizo, ombeni uwanja na vyoo, madarasa muwaachie wanafunzi.

Mto si bafu. Kichocho kipo ukanda huu, na maji yaliyotulia yenye majani ndiyo makazi ya konokono wake. Mamba nao: uhesabu ukingo wowote kuwa una mamba hadi wavuvi wa hapohapo wakuambie vingine, na hata wakikuambia, usichote maji wakati wa magharibi.

Maji ya kisima yatiwe dawa. Vidonge vingi vya dukani ni 1 kwa ndoo ya lita 20 ya maji safi, 2 yakiwa na tope baada ya kuchujwa kwa kitambaa, kisha nusu saa ya kusubiri. Soma pakiti, maana nguvu zinatofautiana. Tia dawa usiku. Asubuhi hakuna mwenye nusu saa.

Chumvi ndiyo inayosahaulika. Mtu akinywa maji matupu lita kwa lita huku akitoka jasho, anaweza kuumwa kichwa, kichefuchefu, vidole vikavimba hadi pete ikabana, na wenzake wakamwongezea maji wakidhani ana kiu. Mpeni kitu cha chumvi, aache kutembea, na akianza kuchanganyikiwa apelekwe hospitali. Kila kituo kiwe na korosho za chumvi au karanga, na mchanganyiko wa lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu kwa kisu. Ukikosea kwenye chumvi ukazidisha unadhuru, kwa hiyo mtu mmoja tu ndiye achanganye.

## Raba ya mama

Yule mama alishika raba mkononi kwa sababu. Zilikuwa za mtumba, nzuri, zimeshonwa soli na fundi wiki hiyohiyo. Kushona soli ni jambo la busara, gundi ya raba ya mtumba ikishazeeka huachia bila taarifa. Ila uzi wa fundi unapita hadi ndani. Ukiingiza mkono na kupapasa kwa kidole, pale chini ya kidole kidogo, unakutana na kifundo kigumu kama punje ya mtama. Kwa kilomita 3 hukihisi. Kwa 13 kinatoboa.

Baada ya kushonesha, ingiza mkono. Kifundo kikiwepo, kipigwe nyundo kilale, juu yake ubandike kipande cha ngozi laini au soli nyingine ya ndani.

Lengelenge huanza ngozi ikishikwa na soksi huku mfupa ukiendelea na safari yake ndani. Joto, jasho na mchanga vinaongeza mshiko. Mchanga wetu wa kusini ni mlaini, unaingia juu ya kifundo cha mguu bila kuonekana. Kata shingo ya soksi kuukuu, ivute ifunike mdomo wa kiatu. Beba jozi 2 za soksi, badilisha katikati ya safari, ile mbichi ining'inie nyuma ya begi ikauke. Paka mafuta ya mgando kati ya vidole, na mapajani pia, kwani michubuko ya mapaja imewarudisha watu nyumbani wengi tu ila hawaisemi.

Kiatu kinunuliwe jioni, mguu ukiwa umevimba, kibaki na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kabla ya safari kiwe kimetembea kilomita 50 au zaidi. Na mzee ambaye ametembea na katambuga, viatu vya tairi, maisha yake yote, tafadhali, mwacheni na katambuga zake. Kumvalisha raba mpya ili picha ipendeze ni kumtafutia kidonda.

Ukihisi mahali pamepata moto mguuni, simama. Usingoje kituo. Kausha, bandika plasta ya kitambaa, lainisha mikunjo yake, vaa. Dakika 4. Lengelenge dogo liache lilivyo, ulizungushie kitambaa chenye tundu ili lisiguswe. Kubwa linalouma: sindano mpya, spiriti, toboa ukingoni upande wa chini, kamua kwa kitambaa safi, ngozi ya juu usiitoe. Mwenye kisukari asifanye lolote kati ya haya mwenyewe, na kabla ya kujiandikisha aonane na daktari wake kuhusu miguu.

## Wiki 12

Mazoezi yana mpangilio usio wa ajabu. Safari ndefu ya Jumamosi iwe kilomita 6, 8, 10, kisha ushuke 7. Halafu 12, 14, 16, ushuke 11. Halafu 19. Wiki ya 10 ndiyo mtihani: 22 Jumamosi na 16 Jumapili. Baada ya hapo 12, kisha 6, na kulala. Katikati ya wiki, siku 2 za nusu saa au dakika 45.

Ile Jumapili ya wiki ya 10 ina maana kuliko Jumamosi yake. Karibu kila mwenye afya anaweza kulazimisha kilomita 22 mara moja. Anayeamka kesho yake na kuvaa viatu vilevile ndiye anayejua kama atafika Lindi. Wanaoshindwa siku hiyo wasiondolewe. Wapewe nusu siku, au kituo cha maji. Mtu aliyeionja njia ndiye mlinzi mzuri wa pipa.

## Barua

Njia inapita mikoa 2, kwa hiyo barua ni za wilaya zote mnazopita, nakala kwa polisi, kisha watendaji wa kata na vijiji. Barua iseme wazi kuwa mnachangisha, kwa ajili gani, na pesa inapokelewa kwa namba ipi. Msiandike "matembezi ya hisani" mkaishia hapo. Ambatanisha ratiba yenye saa, kwani mtendaji akijua mnapita kwake saa 3 atawatoa wazee nje kuwasalimia, na asipojua atamtuma mgambo kuuliza ninyi ni nani.

## Siku ya 5, maji ya chumvi

Lukuledi haufiki baharini kama mto. Unapanuka, mikoko inaanza, matope yananuka chumvi. Ukifuata lami unaingia Lindi mjini kupitia Mingoyo. Ukishika upande wa kusini unaishia Kitunda, mji ukiwa ng'ambo, na unavuka.

Kuvuka ndiko kunakopendwa. Basi tarehe isomwe na mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa sana na kupwa sana: njia za kando ya mikoko huzama, na saa chache baadaye chombo hukaa mbali, watu wakashuka kwenye tope la magoti. Maji mafu, siku ambazo hayajai wala hayapwi sana, ni salama zaidi kwa njia, na wavuvi wa Kitunda watakupa saa bila hata kutazama simu. Jaketi la kuokolea kwa kila kichwa. Asiye nalo asipande.

Watu 40 hawaingii chombo kimoja. Wepesi watakuwa wameshafika, wamekaa kivulini, wamepoa, na wenye chombo watataka kuanza na waliopo.

Orodha ya kupanda imeandikwa kuanzia chini. Mfunga mkia anayo, na jina la kwanza ni la yule mama.